Mstari Si Kamba

Hebu tuchore ramani pamoja. Chukua karatasi, hata nyuma ya risiti ya supamaketi itatosha.

Upande wa kushoto andika Ushahidi, ile programu ya ramani iliyozaliwa hapa Kenya Januari 2008, wakati nchi ilikuwa inaungua na watu wachache wenye kompyuta wakaamua kwamba kila kisa cha ghasia kiwekwe mahali pake kwenye ramani, kila mtu akione. Sasa vuta mstari hadi kwa Pierre Omidyar, mwanzilishi wa eBay, kwa sababu mwaka 2009 taasisi yake ya Omidyar Network iliipa Ushahidi dola milioni 1.4. Kutoka kwa Omidyar nenda eBay yenyewe. Kutoka eBay nenda PayPal, ambayo eBay iliinunua mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5. Kutoka PayPal nenda kwa Peter Thiel, mmoja wa waanzilishi wake, aliyetoka kwenye mauzo hayo akiwa tajiri na kuanza kuwekeza. Kutoka kwa Thiel nenda kwa J.D. Vance, aliyewahi kuajiriwa katika mojawapo ya kampuni zake za uwekezaji, na ambaye Thiel alitoa dola milioni 15 kumsaidia aingie Seneti. Januari 2025 Vance aliapishwa kuwa Makamu wa Rais wa Marekani.

Umemaliza. Mistari mitano, na yote ni ya kweli. Unaweza kuipiga picha, uitupe mtandaoni na maneno "Mlidhani ni ya Wakenya?", na kufikia jioni utakuwa na umati unaokuamini. Na utakuwa umedanganya bila kutamka neno moja la uongo.

Swali langu ni hilo. Tunapochora mistari kati ya wawekezaji wa teknolojia na siasa, tunakuwa tumethibitisha nini hasa? Na tuna wajibu gani kwa wale tunaowachora?

Mtu anaweza kusema hili ni swali la Wamarekani, wacha wajipange. Lakini sisi tushachorwa. Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Julai, Rais William Ruto akiwa Keringet, Nakuru, akalitaja shirika la Ford Foundation hadharani, akidai linafadhili vurugu. Wizara ya Mambo ya Nje ikaliandikia barua kutaka maelezo kuhusu misaada yake. Shirika likakana kwamba lilifadhili maandamano. Lakini mstari ulikuwa umeshachorwa, na kwa wiki kadhaa ukisema kitu chochote kuhusu kodi, kuna mtu angekuuliza kwanza: nani anawalipa?

Kwa hivyo kila ninapoona ramani ya Thiel na wenzake, nafurahi na naogopa kwa wakati mmoja. Nafurahi kwa sababu wenye nguvu wanaonekana. Naogopa kwa sababu naijua kalamu hiyo. Ni ile ile iliyotuchora sisi.

*

Kulikuwa na Mmarekani mmoja, msanii, akiitwa Mark Lombardi. Alifariki Machi 2000. Kazi yake ilikuwa kuchora kwa penseli mitandao ya pesa na siasa: mabenki yaliyoanguka, wanasiasa waliokopa, wafanyabiashara wa silaha, wote wakiunganishwa kwa mistari ya mviringo mizuri kama utando wa buibui asubuhi. Hakuwa na siri yoyote ya serikali. Alisoma magazeti na vitabu ambavyo mtu yeyote angeweza kusoma, akanakili kwenye vikadi, maelfu ya vikadi, kisha akachora. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, afisa wa FBI alikwenda jumba la makumbusho la Whitney, New York, kuutazama mmoja wa michoro yake. Fikiria hilo: polisi wa nchi tajiri kuliko zote anakwenda kusoma penseli ya msanii ili aelewe nani anamjua nani.

Kinachonivutia kwa Lombardi ni kitu kidogo ambacho wachoraji wa siku hizi wamekiacha. Mistari yake haikuwa ya aina moja. Mstari wa nukta ulikuwa pesa. Mshale wa upande mmoja ulikuwa ushawishi. Mshale wa pande mbili ulikuwa uhusiano wa kupeana. Ulilazimika kujua ni kitu gani kinapita kwenye mstari kabla ya kuuchora.

Ramani tunazotumiana kwenye simu zina mstari mmoja tu, na kwa kawaida ni mwekundu. Aliyekula chakula cha jioni na bilionea na aliyepokea milioni kumi kutoka kwake wanapata mstari ule ule. Waliosoma chuo kimoja na walioanzisha kampuni moja, vilevile. Halafu jicho la msomaji, likishaona mstari mwekundu kati ya duara mbili, linaona kamba. Na penye kamba kuna anayevuta na anayevutwa. Huyu mwenye pesa, yule kibaraka.

Waswahili walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sawa. Lakini mkulima wa Kitui atakwambia ameona mawingu mengi maishani mwake.

*

Wacha tumchukue Thiel mwenyewe, kwa sababu ndiye duara kubwa kwenye ramani nyingi hizi, na kwa sababu mambo yake mengi yako wazi.

Kuna mistari ya pesa. Mwaka 2016 alitoa dola milioni 1.25 kumuunga mkono Donald Trump, na Julai mwaka huo akahutubia mkutano mkuu wa chama cha Republican. Mwaka 2021 na 2022 alimwaga fedha nyingi zaidi kwa watu wawili waliokuwa wamefanya kazi kwake: Vance kule Ohio, na Blake Masters kule Arizona. Masters alikuwa mwanafunzi aliyeandika nukuu za darasa la Thiel pale Stanford, na nukuu hizo zikawa kitabu chao cha pamoja mwaka 2014.

Kuna mistari ya kazi. Vance alikuwa katika kampuni ya Mithril. Baadaye alipoanzisha yake, Narya, Thiel alikuwa miongoni mwa walioweka pesa. Majina yote hayo yametoka kwenye hadithi za Tolkien, kama vile Palantir, kampuni ya kuchambua data ambayo Thiel aliianzisha na wenzake mwaka 2003, na ambayo ilipata pesa za mapema kutoka kwa In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji wenye uhusiano na CIA.

Halafu kuna mistari ya mawazo, na hii ndiyo migumu. Mwaka 2009 Thiel aliandika insha fupi akisema haamini tena kwamba uhuru na demokrasia vinaweza kwenda pamoja. Mfuko wake wa Founders Fund uliwekeza katika kampuni ya Curtis Yarvin, mwandishi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisema Marekani inahitaji mtawala mmoja anayeiendesha kama mkurugenzi wa kampuni. Na Vance ameandika mwenyewe kwamba hotuba ya Thiel aliyoisikia akiwa mwanafunzi Yale mwaka 2011 ilikuwa kati ya mambo makubwa zaidi yaliyomtokea chuoni. Hakuna dola hata moja iliyopita siku hiyo. Ilikuwa hotuba tu, na wanafunzi wamekaa.

Sasa niambie, ni mstari gani kati ya hiyo wenye nguvu zaidi? Ule wa milioni 15, ama ule wa saa moja ya maneno?

Hapa ndipo nimepata kipimo ninachokitumia. Ukitoa mstari, kitu gani kinaanguka?

Toa milioni 15 za Thiel katika mchujo wa Ohio wa Mei 2022. Vance alishinda kwa takriban asilimia 32 katika kinyang'anyiro chenye wagombea wengi. Alikuwa amewahi kumsema vibaya Trump, na mapema 2021 Thiel ndiye aliyemsindikiza hadi Mar-a-Lago kupatana naye. Bila pesa hizo na bila safari hiyo, ni vigumu kuona Trump akimuidhinisha Aprili 2022, na ni vigumu zaidi kuona ushindi. Mstari huo ukiutoa, nyumba inaanguka. Basi mstari huo ni nguzo, na kuuchora kwa wino mzito ni haki.

Lakini nenda Arizona. Pesa zilikuwa nyingi vilevile, mwalimu ni yule yule, mwanafunzi ni mtiifu zaidi. Masters alishinda mchujo wa chama, kisha Novemba 2022 akashindwa na Mark Kelly. Wapiga kura wa Arizona waliiona kamba, wakaikata.

Kisha chukua Reid Hoffman. Yeye na Thiel walijuana Stanford, wakafanya kazi pamoja PayPal, wote wakatajirika. Kwenye ramani wako jirani kabisa. Lakini Hoffman ni mmoja wa wafadhili wakubwa wa chama cha Democratic, na ametumia pesa nyingi kupambana na Trump. Ndege wa mbawa moja huruka pamoja, ndiyo, lakini hawatui kwenye mti mmoja.

Na kuna mfano ninaoupenda kwa sababu zangu binafsi. Tangu 2011 Thiel amekuwa akiwapa vijana wachache kila mwaka pesa, mwanzoni dola 100,000 kila mmoja, waache chuo wakajenge kampuni. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na hakuna aliyenipa hata nauli. Karo ndiyo iliyonifukuza. Kwa hivyo nilipogundua kwamba kuna mahali duniani mtu analipwa kuwa kama mimi, nilifuatilia sana. Mwaka 2014 mmoja wa waliopewa alikuwa Vitalik Buterin, aliyebuni Ethereum. Kwa sheria ya mstari mwekundu, huyu ni mtoto wa Thiel. Lakini mwaka 2024, wakati matajiri wa sarafu za kidijitali walikuwa wanamwaga pesa kwenye uchaguzi, Buterin aliandika akiwaonya watu wasichague wanasiasa kwa sababu tu wanaunga mkono sarafu hizo. Alichukua laki moja, akabaki na kichwa chake.

*

Usifikiri nawatetea matajiri. Nataka tuwashike vizuri, na mtu aliyeshikwa vibaya huponyoka. Ukichora mistari 200 na 150 ikawa ya hovyo, mtuhumiwa ataonyesha zile 150, acheke, na zile 50 zitazikwa pamoja nazo.

Isitoshe, kuna jambo ambalo ramani haiwezi kulichora kabisa, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote.

Katika uchaguzi wa 2024 kulikuwa na kamati ya kampeni iliyoitwa Fairshake, ya aina ile Wamarekani wanaiita super PAC, ambayo inaweza kupokea na kutumia pesa bila kikomo mradi isipange moja kwa moja na mgombea. Pesa zake zilitoka hasa kwa Coinbase, Ripple na kampuni ya uwekezaji ya Andreessen Horowitz. Mapema mwaka huo ilitumia takriban dola milioni 10 dhidi ya Katie Porter, aliyekuwa akiwania Seneti kule California. Matangazo yake hayakuzungumzia sarafu za kidijitali. Yalimshambulia Porter kwa mambo mengine. Alishindwa katika mchujo wa Machi. Kufikia Novemba, zilikuwa zimetumika takriban dola milioni 40 dhidi ya Seneta Sherrod Brown wa Ohio, naye akaanguka.

Sasa mfikirie mbunge mwingine, wa jimbo lingine, ambaye hakupewa hata senti na Fairshake wala hakushambuliwa nayo. Amekaa ofisini anasoma habari za Porter na Brown. Mswada wa kudhibiti sarafu hizo uko mezani. Anapiga kura vipi?

Kwenye ramani, mtu huyu hana mstari wowote. Duara lake liko pembeni, safi kabisa. Lakini huyo ndiye aliyeshawishika kuliko wote. Hofu haiandikishwi popote wala haina risiti. Sisi tuliokulia katika nchi ambayo watu hunyamaza mheshimiwa akiingia tunalijua hili bila kufundishwa: anayechapwa ni mmoja, wanaofunzwa ni darasa zima.

Kwa hivyo ramani inakosea pande mbili kwa mpigo. Inawatia hatiani watu wenye mistari isiyo na kitu, na inawasafisha watu wasio na mstari ambao roho zao zimeshauzwa kwa woga. Anayechora ramani akikwambia "ukweli wote uko hapa", mwambie akalale.

*

Kuna dharau ndani ya ramani hizi ambayo huchelewa kuonekana.

Machi 2018 kituo cha televisheni cha Uingereza, Channel 4, kilionyesha video za siri za wakuu wa Cambridge Analytica. Mmoja wao alijigamba kwamba kampuni yao ilikuwa imeendesha kampeni nchini Kenya mara mbili, 2013 na 2017, ikakibadilisha chama sura, ikaandika manifesto, ikafanya utafiti. Huo ni mstari wa kweli kati ya mwekezaji na siasa zetu, kwa sababu aliyeweka pesa nyingi katika Cambridge Analytica alikuwa Robert Mercer, mwanasayansi wa kompyuta aliyetajirika katika mfuko wa uwekezaji wa Renaissance Technologies, na ambaye pia alimfadhili Trump.

Nakumbuka jinsi habari hiyo ilivyopokelewa. Wengi wetu tulifarijika. Ahaa, kumbe! Kumbe tulichezewa. Kumbe ile chuki tuliyokuwa tukitumiana kwenye WhatsApp haikuwa yetu, ilitengenezwa London.

Lakini jamani, yule mtu kwenye video alikuwa anauza. Mbele yake alikaa mtu anayemdhania kuwa mteja, na yeye anasifu bidhaa. Hakuna muuza maembe anayekwambia maembe yake ni machachu. Tulichukua tangazo la biashara tukalifanya ungamo. Kampuni ilifanya kazi hapa, hilo ni baya na linapaswa kuchunguzwa. Lakini kuamini kwamba Wazungu wachache wenye kompyuta ndio waliomfundisha Mkenya kumtazama jirani yake kwa kabila lake ni kusahau 1992, 1997 na 2007. Ramani ilituondolea lawama, ndiyo maana tukaipenda.

Dharau iko hapo. Kila ramani ya ushawishi inahitaji watu wa kuvutwa. Ukisema Thiel alimnunulia Vance Ohio, yule mzee wa mji ambao kiwanda kilifungwa na watoto wakamalizwa na dawa za kulevya anageuka bidhaa kwenye sentensi yako. Huenda alimpigia Vance kura kwa sababu mbovu, lakini zilikuwa sababu zake. Ukisema Ford Foundation iliwatoa vijana wa Nairobi barabarani, msichana aliyetembea kutoka Mathare hadi mjini na chupa ya maji anageuka bidhaa vilevile. Mtu akitaka kukataa kukusikiliza, njia rahisi kuliko zote ni kusema hukusema wewe.

Toa mstari, tuone. Toa Ford Foundation katika Juni 2024. Mswada wa Fedha bado upo, pendekezo la kutoza mkate kodi ya asilimia 16 bado limeandikwa humo, na kodi ya magari bado iko ukurasa unaofuata. Simu bado ziko mikononi mwa watu wanaojua kusoma. Juni 25 bado ingefika. Hakuna nguzo iliyoanguka.

*

Mwaka jana nilitafutwa na mtu aliyetaka nimchoree ramani. Mimi huishi kwa kazi ndogondogo za kuandika na kutafiti, kwa hivyo kutafutwa ni jambo la kawaida. Alitaka orodha ya vijana wanaoandika sana mtandaoni kuhusu kodi: nani anamfuata nani, nani alihudhuria warsha ya shirika gani, nani aliwahi kulipiwa nauli au hoteli. Malipo yalikuwa kodi yangu ya nyumba ya miezi minne. Nikamuuliza ramani ni ya nani. Akasema ni ya mteja. Nikamwambia sawa, basi tuanze na yeye, mteja awe duara la kwanza. Hakujibu tena.

Nimelifikiria sana swali hilo la duara la kwanza. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema kufikia mwisho wa Desemba 2024 ilikuwa imerekodi visa 82 vya watu kutekwa tangu maandamano ya Juni. Watu 82. Kila mmoja alikuwa jina kwenye orodha ya mtu fulani kabla ya kuwa jina kwenye orodha ya tume. Thiel akichorwa, anasumbuliwa na waandishi wa habari. Kijana wa Kenya akichorwa, mama yake anazunguka vituo vya polisi na picha.

Je, basi tuseme wakubwa wachorwe, wadogo waachwe? Nusu ya moyo wangu inasema ndiyo. Lakini naona tunachanganya mambo mawili.

La kwanza ni ushahidi, na hapo kipimo lazima kiwe kimoja kwa wote. Kama chakula cha jioni si ushahidi dhidi ya mwanaharakati, si ushahidi dhidi ya bilionea. Siwezi kudai nisihukumiwe kwa samosa za warsha, halafu nimhukumu mtu kwa sababu alipigwa picha harusini na Elon Musk. Nimekula samosa hizo, na baadhi zililipiwa na pesa za mashirika ambayo ukifuata chanzo chake unafika kwa tajiri wa teknolojia. Mstari huo upo, na mtu yeyote akiniuliza nitamwonyesha.

La pili ni faragha, na hapo watu hawako sawa wala hawapaswi kuwa sawa. Anayelipa ili sheria ya wote ibadilike, ama kiti cha umma kikaliwe na mtu wake, amenunua kitu ambacho ni chetu sote. Tuna haki ya kuona risiti. Anayetuma bob 200 kwa M-Pesa kulipia matibabu ya mtu aliyepigwa risasi hajanunua chochote cha umma. Risiti yake ni yake.

Kwa kipimo hicho, aibu yetu inaonekana vizuri. Mimi, nikiwa nimekaa chumbani Nairobi na bando la siku moja, ninaweza kujua Thiel alitoa dola ngapi Ohio na mwezi gani, kwa sababu sheria ya Marekani inalazimisha kamati hizo kutaja wafadhili mbele ya Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi. Kuna vichochoro vya kuficha, kuna mashirika yasiyolazimika kutaja mtu, lakini angalau kuna dirisha. Sasa niulize nani alilipia helikopta za gavana wangu. Sheria ya Kugharamia Kampeni tunayo tangu 2013. Wabunge waliisimamisha uchaguzi wa 2017 usiguswe nayo, na mwaka 2021 wakazikataa kanuni za tume ya uchaguzi zilizoweka kikomo cha matumizi. Serikali inayotaka kujua nani aliwanunulia vijana maji ya kunywa Juni 25 inatoka kwenye siasa ambazo hazijawahi kutuambia nani alizinunulia magari.

*

Kwa hivyo tuchore, ila tuchore kama Lombardi. Kila mstari useme unabeba nini, kiasi gani, lini, na kama ulikuwa wazi au ulifichwa. Kila mstari upite kwenye lile swali la nguzo. Na anayechora ajiweke kwenye karatasi, pamoja na aliyemlipa.

Hata baada ya kufanya hayo yote, kazi ngumu bado inabaki. Tuseme umenionyesha bila shaka yoyote kwamba Thiel alimlipia Vance. Sawa. Bado wazo kwamba uhuru na demokrasia haviwezi kukaa nyumba moja liko mezani, na kuna watu wengi wasiowahi kuona senti ya Thiel wanaoliamini, wengine ni marafiki zangu, wamechoka na wabunge wetu na wanasema heri mtu mmoja mwenye akili aendeshe nchi kama kampuni. Hao siwezi kuwajibu kwa ramani. Lazima nikae nao niseme kwa nini nadhani wamepotoka, na nisikilize kwa nini wanadhani mimi ndiye niliyepotoka.

Na mimi nadai hivyo hivyo. Tuseme nauli yangu ya kwenda mjini siku ile ililipwa na bilionea, chai yangu na bilionea, na bando la kuandikia haya pia. Chora mistari yote, uipake nyekundu. Ukimaliza, uje unijibu kuhusu mkate.